Kichwa Kisafi cha Mdogo Wangu

Jamaa zangu wa Johannesburg hawautambui ugonjwa mpaka upigwe picha. Ukisema mguu unauma, watakuuliza eksirei iko wapi. Ukiwaonyesha mfupa uliovunjika wanakuheshimu, wanakuletea na matunda. Ukikosa picha, basi wewe ni mvivu au una jini, na sebuleni kwa mjomba wetu, pale Troyeville, tofauti ya hayo mawili sijaiona mpaka leo.

Mdogo wangu wa kike alirudi kutoka Ujerumani, alikokuwa akimhudumia bibi kizee mwenye mbwa. Mbwa alitakiwa kutembezwa msituni kila siku, na wa kumtembeza alikuwa mdogo wangu. Huko alijibandua kupe pajani, kakupe kadogo kama punje ya ufuta. Baadaye likatokea duara jekundu pana kama kisahani. Halikuuma wala kuwasha, akalipuuza. Sisi watu wa Tanga kupe tunayemjua ni wa ng'ombe.

Hakukaa sana hapa Joburg, nusu ya uso wake ikalala. Chai ikawa inamchuruzika pembeni mwa mdomo, jicho moja halifumbi. Mgongo ulimchoma usiku kama anapitishiwa pasi. Miguu ikaingia ganzi, na maneno yakaanza kumkimbia: akitaka chumvi, ananyoosha kidole.

Hospitali ya serikali tulipokelewa na daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja mwenye sauti ya kuchoka. Alisikia habari ya msitu na kupe akaacha kuandika. Akasema kupe wa Afrika Kusini wana homa yao, lakini huu huenda ni ugonjwa wa Lyme, mzigo wa kutoka kule.

"Tutampiga picha ya MRI ya kichwa, nijue hana uvimbe wala kiharusi," alisema. "Ila msikilize vizuri. Picha inaweza kutoka safi na ugonjwa ukawa upo. Cha kutuambia ni damu na maji ya uti wa mgongo. Na tusichelewe, mishipa ikiumia sana, mingine hairudi kama zamani."

Mimi nilisikiliza vizuri. Nikamrudisha nyuma aseme tena, akasema tena, yale yale. Mtu wa biashara akisikia jambo mara moja, hajalisikia.

Picha ikatoka safi.

Mjomba akaitisha kikao. Huyu ni mtu anayeuza chaja za simu mtaa wa Berea, na nusu ya chaja zake hazichaji. Aliitia kwenye kompyuta ile sidii ya picha tuliyopewa hospitali, akawa anabonyeza mshale, ubongo wa mdogo wangu unapita kipande kwa kipande, naye anatikisa kichwa kama anayekagua tikiti maji.

"Ubongo huu mzuri kuliko wangu," akasema.

"Hilo hatukubishii, mjomba."

Hakulisikia, au alijifanya. "Mashine imesema hana kitu. Mashine haina wivu, haina ubaguzi. Hapa kuna mkono wa mtu, au jini la huko alikotoka."

"Jini la Kijerumani?" nikauliza. "Tutalisomea kwa lugha gani?"

Hakucheka mtu. Nikawaeleza alichosema daktari kuhusu maji ya mgongo, na hapo sebule nzima ikanigeukia. Kwetu kila ukoo una mtu wake aliyechomwa sindano ya mgongo asiamke. Kila mmoja akamtaja wa kwao. Jirani wa Chumbageni. Binamu wa Pongwe. Nikawauliza mmoja mmoja: mgonjwa alipelekwa hospitali lini? Baada ya mganga wa kwanza au wa tatu? Alikuwa bado anazungumza? Hakuna hata mmoja. Wote walifikishwa wakiwa hawajitambui, wamebebwa kwa shuka. Sindano iliikuta safari imeshaanza, lakini lawama ikaibeba yenyewe.

"Wewe unabishana na wafu," mjomba akanitolea uvivu. Akatangaza kwamba mdogo wangu atapandishwa basi kurudi Tanga akasomewe, isipokuwa tukipata picha nyingine yenye kuonyesha kitu. Na picha hiyo alikuwa anajua inapopigwa. Aliona tangazo lake kwenye simu.

Kliniki yenyewe iko kaskazini, kwenye mitaa ambayo hata robot zake, yaani taa za barabarani, zinawaka bila kukatika. Mapokezini pana chemchemi ya maji na muziki wa kulaza watoto. Wakamchoma mdogo wangu dawa mkononi, wakamlaza chini ya kamera inayozunguka kichwa, kisha kijana mwenye koti jeupe lililonyooka sana akatuletea ubongo wa rangi. Nyekundu, njano, kijani, na mabaka ya bluu.

"Hii bluu ndiyo Lyme," akasema. "Damu haifiki vizuri. Mabaka tisa."

Nikayahesabu, saba. Nikarudia, saba.

"Mtu ambaye hajalala wiki nzima," nikamuuliza, "ubongo wake una rangi gani?"

"Anaweza kuwa na bluu kidogo."

"Mwenye huzuni?"

"Naye pia."

"Mwenye kipandauso?"

"Inategemea."

"Sasa ukiiona bluu unajuaje ni ya kupe na si ya huzuni?"

Akasema ana uzoefu. Mimi nimeuza vitenge miaka mingi. Mtu akikwambia kitambaa kimoja kinafaa harusini, msibani na jikoni, ujue dukani hana kingine. Akaleta mpango wa dripu za miezi mingi na vitamini za jina refu. Nikamtajia nusu ya bei, kwa kumjaribu tu, akakubali kabla sijafunga mdomo. Hapo ndipo nilipomdharau kabisa. Nusu bei inakubaliwa haraka hivyo na mwenye samaki wa jana.

Mjomba, tuliyekuwa naye, alikuwa ameipenda ile picha. "Inaonyesha," akarudia. "Hii sasa inaonyesha."

Mdogo wangu akanishika mkono wa shati.

"Kaka. Nipeleke kwa yule wa… wa…" Neno likamkatalia. Akajipiga kidole mgongoni, chini kidogo ya mkanda.

"Utakufa," mjomba akamwambia.

"Basi nife nikiwa… nimelala. Si kwenye basi."

Tukaenda. Alilala ubavu, akajikunja kama jongoo aliyeguswa, daktari akamganzisha, akachoma. Mimi nilitazama ukuta, maana hodari wa maneno si hodari wa sindano. Nilipogeuka, kwenye kichupa kulikuwa na maji meupe kama ya bomba, na mdogo wangu ananiuliza mbona natokwa jasho.

Siku ile ile maabara ikakuta kwenye maji hayo chembe nyeupe za damu ambazo hazikupaswa kuwepo, nyingi. Daktari hakungoja vipimo vingine, akamlaza wodini na kumwanzishia antibayotiki ya dripu. Majibu ya kupe yalikuja baadaye, ni Lyme kweli, yakamkuta ameshaanza kufumba jicho.

Lakini kesho yake baada ya ile sindano kichwa kilimuuma, kama alivyoonywa, akaambiwa alale na kunywa maji. Simu yake ikaisha chaji. Mjomba akaipiga, haipatikani. Akaipiga tena, haipatikani. Kunipigia mimi hakuona haja. Mtu hapigi simu kuulizia habari ambayo ameshaitangaza.

Maumivu yalipompungua tuliruhusiwa, awe anarudi kila siku kwa dripu. Tukapitia Troyeville kuchukua nguo zake. Uani kulikuwa na viti vya plastiki vya kukodi, mikeka, na sufuria kubwa juu ya mkaa. Watu wamekaa kwa nyuso ndefu. Mmoja alipomwona mdogo wangu akipita getini polepole, ameshika ukuta, alidondosha tasbihi.

Mdogo wangu akatazama viti, akatazama sufuria.

"Msiba wa nani?"

Mjomba akakohoa. Kila mmoja akawa anamtazama mwenzake ajibu yeye.

Akavuta kiti kimoja, akaketi, miguu akaipanga kwa mikono.

"Basi nipakulieni," akasema, neno kwa neno, na hakuna lililompotea. "Marehemu hajala tangu asubuhi."

Walimpakulia. Wali ulimdondoka upande wa mdomo uliokuwa bado mzito, akaufuta kwa kiganja, akaendelea. Aliposhiba aliniambia tuondoke mapema, dripu ya kesho ni saa mbili na foleni yao anaijua.