Picha ya Mume wa Bibi Cherehani

Mdogo wangu anachora nyuso za watu kwa malipo, na chumba tulichopanga pamoja kimegeuka karakana. Rangi iko kwenye mashuka, kwenye sufuria, mpaka kwenye kitasa cha mlango. Mchana yuko chuo cha sanaa, mwaka wa tatu; jioni wateja wanabisha hodi na picha za pasipoti za marehemu wao, wanataka ziwe kubwa za ukutani. Ana mtindo wake: macho huyaacha mwisho kabisa, na hayachori mpaka mwenye marehemu aje akae ubavuni pake amsimulie. Nusu ya mji huu imelia kwenye kitanda changu, maana kiti tunacho kimoja na anakikalia yeye.

Mhadhiri wake aliidharau biashara hiyo waziwazi. Darasani aliiita kazi ya gengeni, akasema mkono unaochorea wateja huharibika. Nilitaka kwenda kumpasha. Mdogo wangu akanikataza, akaendelea kumwamkia kwa adabu zote.

Kisha macho ya Bibi Cherehani, anayeshona sare za shule mtaani kwetu, yakaanza kufifia. Daktari hakumficha: hayatapona. Picha pekee ya marehemu mumewe ilikuwa ndogo mno, hakuiona tena, akaomba achorewe kubwa angali na mwanga kidogo. Ulikuwa wakati wa mitihani. Mdogo wangu, kwa werevu wake wa kijinga, akaamua turubai moja la kuchorea lifanye kazi mbili: amchore mume wa Bibi, aipeleke picha chuoni kama kazi ya mtihani, isahihishwe, kisha amkabidhi mwenyewe.

Hakusoma masharti. Kazi ya mtihani ikishatundikwa haishuki mpaka maonyesho yaishe, na maonyesho ni ya muhula mzima. Aliomba, akabembeleza, akapiga magoti. Mhadhiri akamjibu kwamba chuo si duka. Nilimfokea mdogo wangu mpaka sauti ikanikauka, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu. Bibi naye kila akipita anaulizia picha yake, na kila akipita anapapasa ukuta zaidi.

Basi tukampeleka chuoni siku milango ilipofunguliwa kwa wageni. Tukamkuta mhadhiri, yule yule, amesimama mbele ya picha ile akiwaeleza watu jinsi alivyomnoa mwanafunzi wake. Picha ilikuwa juu ukutani, mbele yake wamevuta kamba, na Bibi siku hizo haoni kitu mpaka kikaribie kumgusa pua. Akasogea, kamba ikamzuia kifuani.

"Mama, picha hutazamwa kwa mbali," mhadhiri akamwambia, huku akiwatabasamia wageni.

Mdogo wangu aliruka kamba, akaitungua picha, akamketisha Bibi kwenye benchi na kumwekea mapajani. Bibi akainama, akaanzia juu kwenye nywele, akawa anashuka taratibu kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

Mhadhiri akashusha sauti. Wasahihishaji, ambao husahihisha siku hiyo hiyo ya wageni, walikuwa chumba cha pili; wakiingia wakute ukuta mtupu, alisema, mdogo wangu amefeli mwaka. Nikajipenyeza kati yake na mdogo wangu. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni dada yake, na kwamba akiigusa ile picha atanitambua vizuri.

"Irudishe," akamwambia mdogo wangu juu ya bega langu. "Sasa hivi."

"Subiri, mwalimu," mdogo wangu akasema. "Bado hajafika mdomoni."

Wasahihishaji waliingia wakakuta msumari. Mdogo wangu anarudia mwaka, na hasira yangu haijaisha wala siitafutii dawa. Bibi siku ile alifika mdomoni, akabaki hapo hapo mpaka mlinzi alipokuja kufunga.