Mabakuli ya Tinde

Mkojo ukichemka una harufu yake, na mimi nilikua nayo kama wenzangu walivyokua na harufu ya chai. Kila asubuhi nyumbani kwetu Ngokolo, Shinyanga mjini, mama alitia dawa ya buluu kwenye kichupa chembamba cha kioo, akadondoshea mkojo wangu, akakichemsha juu ya taa ya spiriti. Rangi ikibaki buluu, sukari yangu imetulia. Ikiwa nyekundu ya tofali, nyumba nzima ilinuna. Nilikuwa na kisukari kile cha watoto, ambamo mwili hautengenezi insulini, na katikati ya miaka ya sabini hatukumjua mtoto mwingine mtaani aliyekuwa nacho. Sindano ya kioo niliichemsha na kujidunga mwenyewe pajani kabla sijajua kusuka nywele, na nilijivuna sana kwa hilo.

Likizo moja nilitaka kitu kimoja tu: kukaa kijijini Tinde kwa bibi, mama yake baba, mpaka mavuno yaishe, kama binamu zangu. Baba alikubali kwa shingo upande. Aliiweka chupa ya insulini kwenye chungu kidogo, chungu kikakaa ndani ya mchanga uliolowa ili isipate joto, akasema atakuja siku ya mnada wa mifugo. Akikuta nyekundu, ananirudisha mjini na Tinde ndiyo basi. Bibi alielewa kwa namna yake. Kwake sukari ilikuwa ile nyeupe ya dukani, na hiyo aliificha mpaka babu akawa anakunywa chai isiyo na sukari. Lakini michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ilikuwa chakula cha shambani, na mtoto mwembamba kama mimi alipaswa kushindiliwa. Alinipikia michembe kwa karanga asubuhi na jioni, nami nilikula kwa raha zote.

Baba alipokuja na vifaa vya kupimia, kichupa kiligeuka chekundu mbele ya macho yetu. Hakufoka. Alianza kukunja nguo zangu, nami nikalia. Bibi akamshika mkono.

"Michembe tumekula wote, chungu kimoja," alisema. "Nipime na mimi."

Baba aliona haya kupima mkojo wa mama yake mzazi, lakini bibi alikuwa ameshakwenda nyuma ya nyumba na kikombe. Kichupa chake kilibaki buluu tupu. Alikitazama, akanitazama mimi.

"Kumbe ni mwili wako, ng'wanawane, mwanangu, hauna cha kuvipokea hivi viazi. Basi tutakupimia chakula. Mwache, Baba Kabula, mpaka mnada ujao."

Kunipimia kulikuwa na aibu yake. Kwetu Wasukuma ugali huliwa pamoja, chombo kimoja, na anayekula peke yake huonekana mchoyo au amekosana na watu. Jioni ile bibi alinipimia ugali kwa kibuyu kidogo, nikaenda kukaa kando, binamu wakinitazama. Bibi aliinuka. Alitafuta bakuli, akajipakulia chake, kisha akampakulia babu, na kila mtoto chake. Jirani aliyepita aliuliza kama tumegombana.

"Hatujagombana," bibi alimjibu. "Tunakula dawa ya Kabula."

Mnada uliofuata rangi ilikuwa kijani ya kukaribia buluu. Baba akacheka, nami nikabaki mpaka mtama wa mwisho ukaingia ghalani.

Mwaka jana daktari kijana alinipima damu kwa kipimo kinachoonyesha kama mwili bado unatengeneza insulini yake. Hakukuta hata chembe, akabaki anashangaa macho yangu yanayoona na miguu yangu mizima. Watoto anaowatibu hujipima kwa tone la damu kidoleni, jibu likatoka chai haijapoa, na ninawafurahia kweli. Aliniuliza nimefikaje umri huu na vipimo vya zamani vya kubahatisha. Nilimwambia kwamba kwa bibi yangu watu walikula kila mtu na bakuli lake mpaka alipofariki, hata miezi ambayo mimi sikuwapo.