Vidonge vya Kumeza Ukiwa Mzima

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na maduka ya dawa yalipoota kila kona ya Chang'ombe, nilipata kazi ya kuuza katika mojawapo. Nilikuwa nimetoka masomoni juzi tu, najiona najua kila kitu, na mdomo wangu hauna breki.

Dada yangu aliolewa kijijini Mlali. Siku zake zikianza aligaagaa sakafuni akitapika. Mumewe alimwita mvivu anayekwepa shamba, akamtoa nje kwa mateke. Alikuja kwangu amejiuma midomo mpaka imechanika.

Nikampa somo. Homoni inayoutuliza ukuta wa mfuko wa uzazi ikishuka, nilimwambia, chembe za ukuta huo huzidisha vimeng'enya, navyo hutengeneza kemikali inayoukaba mfuko wenyewe. Ibuprofeni huvizuia vimeng'enya hivyo. Kemikali ikishajaa, umechelewa.

"Kwa hiyo usisubiri maumivu, dada. Anza siku moja kabla, ukiwa mzima kabisa."

"Mdogo wangu, unaongea kama redio," alisema akicheka.

Nikavichota vidonge koponi, nikamfungia kwenye kipande cha gazeti kama tulivyomfungia kila mteja. Sikuandika jina la dawa wala kazi yake. Kwamba mumewe naye aelezwe, hilo halikunijia akilini. Nilimchukia mno yule bwana.

Karibu wiki nne baadaye dereva wa lori la mahindi alinifuata dukani, akasema niwahi Mlali. Nilimkuta dada mkekani, mkono wa kushoto umevunjika, mdomo umefura, meno mawili hayapo. Mpini wa jembe uliegemezwa mlangoni ukiwa na damu. Hakuna aliyejisumbua kuuosha.

"Shemeji," mumewe aliniambia kwa upole kabisa, "si mgonjwa ndiye anameza dawa? Huyu alikuwa mzima, anatwanga, anaimba. Nikamkuta anameza kwa kujificha. Anazuia mimba, na mimi nataka mtoto wa kiume."

Nilinyakua mpini ule nikampiga begani, kisha sikioni. Alipoanguka nikaendelea. Nilitaka afe, sisemi uongo. Majirani wanne walinikamata na kunikalisha chini, nikawauma wawili. Hasira yangu iliwalenga watu wawili: yeye aliyepiga, na mimi niliyefunga dawa bila maelezo.

Vidonge vilikuwa vimetawanyika uani. Niliviokota, nikavifuta vumbi, na kila baada ya saa nane nikampa dada kimoja, kwenye trekta lililotupeleka hospitali na wodini pia.

Kesho yake asubuhi damu yake ya mwezi ikaanza. Nilikaa pembeni ya kitanda nikisubiri ukelele. Dada akanivuta kwa mkono mzima, akafungua mdomo uliojaa nyuzi.

"Tumbo haliumi," alinong'ona. "Kweli, mdogo wangu, haliumi hata kidogo. Mkono ukipona nitaweza kwenda shamba na mume wangu."