Mihogo ya Haraka

Mama yangu alikuwa na woga mmoja tu, na woga huo ulikuwa mkubwa kuliko nyumba yetu. Aliogopa njaa. Wasoda, kama tunavyowaita wanajeshi kwetu Kalemie, aliwaogopa kiasi tu, kama unavyomwogopa mbwa wa jirani. Wakati wa uasi wa miaka ya sitini, yeye akiwa bado msichana, alikimbia na wazazi wake kuelekea milima ya Marungu, na huko porini mdogo wake wa kiume alikufa kwa sababu hapakuwa na kitu cha kumpa. Hakuuawa na mtu. Alikuwa akilia, halafu akaacha kulia. Mama alitusimulia habari hiyo mara moja tu, huku akitwanga, wala hakusimamisha mchi. Tangu siku hiyo tulijua kwa nini katika nyumba yetu hakuna mtoto aliyeruhusiwa kubakiza bukari, ugali wetu wa muhogo, kwenye sahani.

Basi, mwaka ule ambao wanajeshi wa Kinshasa walipora maduka kwa kukosa mishahara, na miji mingine ikaanza kufuata, kila mtu katika mtaa wetu alijiandaa kwa kadiri ya woga wake. Mshona nguo alifunga cherehani yake kwa nailoni, akaizika nyuma ya migomba, na alipoifukua baada ya mvua ilikuwa imeliwa na kutu. Shemasi wetu alilala na viatu mguuni. Mwenye duka la kona aligawa bidhaa zake kwa ndugu zake wamtunzie mpaka hatari ipite, na hatari ilipopita ndugu walikuwa wamezitunza matumboni. Alikuwa akisema ni heri wangekuja wasoda, maana wao angalau angejua ni wezi. Tuliwacheka sana watu hao. Sisi tulijiona wenye akili, kwa sababu mama yetu alikuwa anaandaa chakula.

Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli na mshahara wake ulikuwa haujafika kwa miezi. Alikaa na redio yake sikioni kama mtu anayeumwa jino. Lakini redio haikuwa na neno juu ya Kalemie, na habari zetu tulizipata stesheni. Kila treni iliyotoka Kabalo ilishuka na vita yake. Abiria wa kwanza alisema wasoda wamejaa behewa zima huko Nyunzu na wanakuja. Wa pili alisema ni mabehewa matatu. Ukimuuliza kama amewaona kwa macho yake, alikasirika.

"Wakifika watakula nini?" mama alimuuliza baba siku moja. "Watang'oa mashamba yetu. Ile iko mu shamba ni yao. Ile iko mu nyumba ni yetu."

Baba alisema afanye anavyoona. Hakuwa mtu wa kubishana na mama juu ya chakula.

Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya mto Lubuye, na lote lilikuwa mihogo michungu. Watu wa mbali hushangaa kwa nini tunapanda muhogo wenye sumu wakati mtamu upo. Ni kwa sababu huo mchungu nguruwe pori hawaugusi, mwizi hautafuni njiani, na unazaa hata kwenye udongo mbaya. Ukilowekwa majini, sumu yake hutoka. Kila mama alikuwa na shimo lake pembeni ya kijito, limetandikwa majani, likiwa na kijiti cha kuonyesha ni la nani. Unalaza mihogo humo, unaifunika, unaiacha siku tatu, nne, hata tano kukiwa na baridi. Mama hakuhesabu siku. Alibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikizama bila kusukuma, mihogo hutolewa, hukamuliwa, huanikwa, na unga wake unakuwa mweupe. Kila msichana wa kwetu alifundishwa kidole hicho kabla ya kufundishwa kusuka nywele.

Lakini wiki ile wanawake wote wa bonde waling'oa mihogo kwa pamoja. Hata ile michanga, yenye unene wa mpini wa jembe, iling'olewa. Mashimo yakajaa. Wanawake waliosali pamoja Jumapili walitukanana pale kijitoni Jumatatu, na vijiti vya wengine viling'olewa na kutupwa. Mama alipata nafasi kwa kuamka mapema kuliko wenzake. Alirudi na tope mpaka magotini, amechoka, lakini ameridhika.

Kesho yake ikavuma kwamba treni ya wasoda inaingia jioni. Mtu aliyeleta habari alikuwa anakimbia, na mtu anayekimbia huaminiwa haraka. Mama alimchukua dada yangu mkubwa, msichana wa miaka kumi na minne, mwenye nguvu za kubeba kikapu ambacho baba mwenyewe angekifikiria mara mbili. Mimi niliwafuata. Tulikuta kijito kimejaa wanawake wanaotoa mihogo iliyolala maji usiku mmoja tu. Dada aliinama, akabonyeza.

"Mama, ingali nguvu. Kidole hakiingii."

"Toa tu," mama akasema. "Jua itamaliza."

Hilo ndilo neno ambalo bonde zima lilikuwa likiambiana siku ile, na sijui nani alilianza. Jua litamaliza. Hakuna hata mama mmoja pale ambaye angelisema mwaka mwingine. Walijua. Mikono yao ilijua. Lakini walikuwa wanasikiliza upande wa reli.

Tuliianika juu ya bati, juu ya mawe, juu ya mkeka wa wageni. Ilikauka ikawa ya kijivu badala ya kuwa myeupe. Mama aliitwanga, akaujaza unga kwenye pipa na kwenye magunia, akayapanga kwenye chumba tulicholala watoto, hata ikabidi tulale tumekunja miguu. Alikuwa akiingia humo bila sababu, anagusa magunia, anatoka. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile.

Treni ilifika na mahindi, mbuzi na mabibi wachache wenye bata. Wasoda hawakuwemo. Wiki zilizofuata pia hawakuja. Wale wachache wa kambi ya hapa hapa mjini walipora duka moja upande wa bandari, wakaanza kunyang'anya boti, na basi. Ila hizo boti ndizo zilizotumaliza. Wavuvi waliogopa, wakazipeleka mbali kusini na kuzificha, na soko letu likakosa ndagala, likakosa mikebuka, likakosa hata vichwa vya samaki. Mtu wa Kalemie kukosa samaki ni jambo la aibu, lakini tulikosa hata hicho kidogo cha kuweka juu ya bukari msimu mzima wa kiangazi. Tulikula bukari na sombe, yaani kisamvu. Mawese yalipoisha tulikula bukari na chumvi.

Bukari yenyewe ilikuwa chungu. Baada ya kula kichwa kilizunguka, na mdogo wangu alitapika mara nyingi. Mama alisema ni tumbo linalotamani samaki. Kuutupa ule unga hakukumpitia akilini. Watu wengine walikuwa wanakula mara moja kwa siku, na sisi tulikula mara mbili, na yeye alijivuna kwa hilo bila kuficha. Dada ndiye aliyepewa zaidi. Alikuwa anakua, anabeba maji, anatwanga, na mama alimkwangulia mpaka ukoko wa sufuria.

"Kula, mutoto wangu. Kwangu mutu hafe na njaa."

Dada alikula. Alikuwa mtoto mtiifu, na nasema hivyo kwa hasira.

Asubuhi moja alirudi kutoka kisimani miguu ikimtetemeka, ndoo ikamwagika mlangoni. Mama akamkemea kidogo kwa kupoteza maji. Kesho yake aliamka, akajaribu kusimama kutoka kwenye mkeka, na miguu haikukubali. Magoti yalivutana yakapishana kama mkasi, na vidole vilielekea chini. Alicheka kwanza. Alidhani ni ganzi ya kulala vibaya kati ya yale magunia. Mama naye akacheka, akaja kumsugua. Akasugua mpaka mchana, na hapo wote wawili hawakuwa wanacheka tena.

Jirani alisema amerogwa. Shangazi yangu alitaja hata jina la mrogaji. Baba alimbeba kwa baiskeli mpaka zahanati, mama akitembea pembeni ameshika kiti, mimi nyuma. Muuguzi aligonga magoti ya dada, akamuuliza mama swali moja.

"Mihogo yenu mulilobeka siku ngapi?"

Mama aliangalia mikono yake. Muuguzi akasema kwa upole kwamba sisi si wa kwanza, kwamba katika bonde lile lile ameshaona watoto wengine na mama mmoja kijana, na kwamba sumu iliyobaki kwenye mihogo, ikiliwa kila siku bila samaki wala nyama, hushika miguu. Alisema miguu hiyo haitaharibika zaidi, lakini pia haitarudi. Baba akauliza kama kuna dawa Lubumbashi. Muuguzi akasema hapana, Papa, hata Ulaya hakuna.

Tuliporudi mama alivuta pipa mpaka chooni, akamwaga unga wote shimoni, kisha gunia moja moja. Wanawake wa mtaa walikuja kutazama, na mmoja wao alilia kuona chakula kinatupwa wakati ule, akamwomba walau kibaba. Mama alimsukuma kwa bega, akaendelea kumwaga. Usoni alikuwa wa kijivu kwa vumbi la unga na hakujipangusa.

Dada alijifunza kutembea kwa fimbo mbili, kwa ncha za vidole. Minerval yake, yaani ada ya shule, haikulipwa tena, kwa sababu shule ilikuwa juu ya kilima. Alikuwa anaketi mlangoni anachambua sombe za nyumba tatu, na vijana waliokuwa wakimpigia mbinja zamani wakawa wanamsalimia kwa adabu. Adabu ile ilimuuma kuliko fimbo. Aliniambia hivyo mwenyewe.

Halafu, miaka michache baadaye, vita ya kweli ikaja kutoka upande wa Uvira. Haikuvuma stesheni. Tuliona wasoda wenyewe wakirudi nyuma kwa miguu, wamechoka, wengine wamevaa kanga za wanawake begani, wakikamata wanaume wa kuwabebea mizigo. Mama safari hii hakuandaa hata kiazi. Baba ndiye aliyepata nafasi kwenye boti ya kwenda Kigoma, na asubuhi tukashuka ufukoni na vifurushi.

Boti haikuthubutu kugusa mchanga, wasoda wasije wakaiteka. Ilisimama mbali kidogo, mahali ambapo maji yanamfika mtu mzima kifuani, na ilibidi kila mmoja aende mwenyewe na kujivuta juu. Mama alipanda na mtoto mchanga tuliyekuwa naye wakati huo. Mimi na mdogo wangu tukapanda. Baba alikuja nyuma na dada mgongoni. Ziwa lilikuwa na mawimbi. Kila alipomwinua, miguu ya dada ilikakamaa ikajikunja kinyume, ikagonga ubao, na wimbi likamrudisha. Watu wa ndani walimvuta mikono mpaka akapiga ukelele wa maumivu. Boti ikalala upande mmoja, maji yakaingia.

"Papa, mumuache," mwenye boti akasema. "Tutazama wote."

Dada mwenyewe alisema twende. Alisema kwa sauti ya kawaida, akiwa ameshika shingo ya baba, maji yakimpita mdomoni.

Dada na yule aliyebaki naye walipona, niseme kabisa. Tuliporudi tuliwakuta wote wawili ndani ya nyumba isiyo na mlango, na dada yuko hai mpaka ninapoandika haya. Lakini siku ile, pale majini, hakuna aliyejua hivyo. Mama aliniwekea mtoto mapajani, akashuka. Maji yalimfika shingoni. Baba akamwambia arudi juu, yeye ndiye atakayebaki na binti, na mama akamkumbusha kwamba wanaume wanakamatwa. Kisha akamtoa dada mgongoni kwa baba, akamkumbatia kwapani.

"Panda," akamwambia baba. "Mimi njo nilimulisha."

Baba alipanda.