Miayo ya Bi Mabaki

Bi Mabaki alikuwa fundi cherehani asiyetupa kitu. Vipande vya vitambaa, zipu mbovu, vifungo vilivyopotezana na wenzao, vyote aliviweka kwenye magunia chini ya meza ya kukatia, na ukimuuliza vya nini, alikujibu kwamba akiba haiozi. Paka wa duka alishahama kwa kukosa pa kulala.

Duka lilikuwa lake na mdogo wake, msusi. Cherehani upande wa dirisha, kioo upande wa mlango. Msusi ndiye aliyelifungulia duka tovuti, na siku ya kwanza akaweka picha ya dada yake akipiga miayo, mdomo wazi hadi magego ya nyuma. Bi Mabaki akawaka. Msusi akaomba radhi, akaibadilisha jioni ile ile. Lakini kila Bi Mabaki akifungua tovuti kwenye simu yake, miayo ni ile ile. Akasema anafanyiwa makusudi. Mwenzake akaapa kwamba ameshaitoa.

Mmoja angemwonyesha mwenzake simu yake, ugomvi ungekwisha. Ila walishanuniana, na aliyenuna haonyeshi kitu. Wakawa wanazungumza kupitia wateja. Ukitakiwa mkasi, mteja wa watu anainuka, kichwa nusu kimesukwa, anaupeleka.

Balaa ni kwamba Msusi alikuwa anaolewa Jumamosi, na gauni lilikuwa linashonwa na dada yake. Hasira hasara: Bi Mabaki akaibana mikono ya gauni kusudi, bibi harusi asiweze kuinua simu kumpiga mtu picha.

Ijumaa asubuhi simu ya Bi Mabaki ikaanza kusuasua, akaipeleka kwa fundi simu ng'ambo ya barabara. Fundi akamweleza kwamba kivinjari huweka nakala za kurasa ulizokwisha kuzifungua, ili zije haraka siku nyingine. Hiyo ndiyo kache, na yake imejaa, haijawahi kusafishwa. Bi Mabaki akaikumbatia simu kwa mikono miwili. Akauliza kama picha za wajukuu zitapona, na namba za wateja, na ile sauti ya marehemu mumewe akiulizia chakula. Fundi akamhakikishia kwamba vyote vitabaki. Akaingia kwenye mipangilio, akagusa faragha, akachagua picha na faili zilizohifadhiwa, akafuta. Kisha akamwambia afungue tovuti yao.

Miayo haikuwepo. Alikuwepo yeye, ameinamia cherehani, amependeza kuliko alivyojijua, na chini yake maneno: *Dada yangu. Alinilea, sasa ananishonea gauni la harusi.*

"Hii imewekwa leo?"

Fundi akaangalia tarehe. "Mwezi uliopita, mama. Simu yako ndiyo ilikuwa inakuonyesha akiba."

Aibu ikamshika hadi masikio yakawaka. Msusi alipofika dukani alimkuta ameshika wembe, anafumua mikono ya gauni huku machozi yakimdondoka. Kwa mara ya kwanza mwezi mzima akamuuliza mwenyewe, bila mteja katikati.

"Dada, unafanya nini?"

"Narekebisha. Nilikushonea kwa vipimo vya zamani."

Jioni Msusi akalijaribu gauni. Mkono ukainuka vizuri, simu ikiwa kiganjani. Bi Mabaki alikuwa anacheka, mdomo wazi hadi magego ya nyuma, na hakuufunga.