Betri ya Zahanati Ilivyokwenda Misibani

Hivi mjukuu wangu Kulwa, umeshawahi kumsikia kwa masikio yako mtu anayeweza kukuokoa, ukamwita, naye asikusikie?

Kula kwanza hiyo michembe ya viazi, mimi naongea tu, unanijua. Hicho kikompyuta ulichonionyesha, kidogo kama kipande cha sabuni, hata kioo hakina, unasema utakifunga kule kisiwani kwetu, kwenye zahanati, kichunguze friji ya chanjo, joto likipanda kimtumie nesi ujumbe. Nimecheka, umeniona. Damu yangu ina akili hizo! Halafu ukasema kitakula umeme wa jua, kicheko kikanikauka.

Nakumbuka miaka ile biashara zimefunguliwa, maduka ya Mirongo hapa mjini vitu vimejaa mpaka barazani, sisi wa kisiwani tunavuka kuja kushangaa. Ndipo wafadhili wakatuletea paneli pale zahanati, na betri kubwa nyeusi, na simu ya upepo. Siyo hizi simu zenu. Lilikuwa sanduku: unabonyeza, unaita, hospitali ya ng'ambo wanasikia, boti inakuja. Babu yako Masanja ndiye alikuwa mlinzi, ufunguo anao yeye. Weeh, alivyotamba! Ile paneli aliipangusa kuliko viatu vyake, maana wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wakiiangukia wanaifunika yote, jua halipiti.

Fundi alimwonyesha kiboksi ukutani, kina taa. Akamwambia, "Mzee, hiki ndicho kinachoilinda betri. Ikikaribia kuisha kinakata chenyewe. Usiunge kitu bila kupitia hapa." Babu yako akasema ndiyo, ndiyo.

Basi akafa mzee mmoja jirani. Unaijua misiba yetu, watu wanalala nje, wanataka mwanga, wanataka na redio ya kuwachangamsha. Vijana wa marehemu wakaja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Tumekuja kuomba betri."

Nesi akatoka mbio. "Masanja, hiyo ni betri ya simu!"

Kijana mmoja akamwambia, "Dada nesi, leo unataka kumpigia nani? Marehemu?" Watu wakaangua kicheko.

Sasa babu yako angefanyaje? Kwetu ukimnyima mfiwa, hata ukuni mmoja, wanasema kumbe wewe ndiye uliyemroga marehemu. Na siku ukifiwa, unachimba kaburi peke yako. Akafungua nyaya, betri ikapanda baiskeli, ikaenda. Kile kiboksi kikabaki ukutani, hakina cha kulinda.

Ikarudi haina kitu kabisa. Jua likaijaza, tukasema kumbe haina neno. Ukaja msiba mwingine. Utampa huyu umnyime yule? Ikaenda, ikarudi, ikaenda tena. Kila ikirudi inashika umeme kidogo kuliko mwanzo, kama mgonjwa anayebakiza chakula kila siku. Wala hatukujua, maana asubuhi tu taa ya kiboksi inawaka kijani, eti imejaa. Imejaa nini? Inajaa upesi, inaisha upesi.

Mdogo wangu Kabula, yule anayenifuata kuzaliwa, alishikwa na uchungu wakati wa masika. Mawingu yamelala juu ya ziwa, jua hatujaliona siku kadhaa. Mtoto amekaa vibaya. Nesi akakimbilia simu, akabonyeza, "Hospitali, hospi..." ikazima. Akangoja. Ikawaka. Akabonyeza, ikazima. Kusikia ilikuwa inasikia, mwanangu! Kumbe kusikiliza hakuli umeme, kuongea ndiko kunakula. Tuliwasikia wale wa ng'ambo wazi kabisa, wanataniana kuhusu nani amemaliza sato mchana ule. Kabula anasikia, ananitazama. Sisi tunapiga kelele kwenye sanduku, wao wanacheka.

Babu yako aliishika ile betri akaitikisa kama anamwamsha mtu.

Tukampakia Kabula kwenye mtumbwi wa kasia, mvua inatupiga. Hakufika. Wala mtoto.

Na kwenye msiba wa Kabula, unajua wale wale vijana walikwenda kuchukua nini zahanati? Babu yako akafungua nyaya. Hata siku ile hakuweza kukataa. Iliwaka kidogo mbele ya waliaji, ikafa, na haikuwaka tena. Paneli nayo tukaja kuanikia dagaa.

Nakupa nasaha, Kulwa, ingawa sina imani nayo sana, maana watu ni wale wale. Weka betri kubwa kuliko unavyodhani, iweze kuvumilia mawingu ya masika. Usiamini taa ya kijani, ipe betri kazi uone inadumu mpaka wapi. Umesema kikompyuta chako kikikatikiwa umeme ghafla kinaweza kusahau kila kitu. Basi kifundishe kujizima chenyewe mapema, kabla betri haijaisha. Betri uijengee ukutani, ndani ya chuma, ufunguo ukae na mtu asiye na ndugu pale kisiwani. Wanunulie na taa za misiba, zikae pembeni. Zikiharibika watakuja kwenye ukuta wako, nakwambia. Watakuja wanalia kweli, na watakuwa ni watu unaowapenda.

Mungu akupe jua, mjukuu wangu. Akupe mafundi wakweli. Na akupe moyo mgumu, ule ambao sisi hatukupewa.

Mbona umeweka bakuli chini? Sema kwa nguvu, masikio yangu haya. Eti unaniahidi nini?

"Naahidi, bibi. Hata siku ukifa wewe, ile betri haitoki ukutani. Tutakulilia gizani."