Tawi la Mkorosho Ndani ya Nyumba ya Kinyonga

Shule niliiachia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona nimepinda njiani mnivumilie. Lakini habari ya nyumba ya kinyonga naijua, maana niliijenga mwenyewe.

Mjukuu wangu wa kike anasoma sekondari kule Masasi. Likizo ya katikati ya mwaka akaja kwetu Newala na begi mgongoni, mkononi boksi la viatu lenye matundu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Hivyo viatu vyako vinapumua?"

Akafunua. Kinyonga, kijani kabisa, jicho moja likinitazama mimi na lingine likitafuta pa kukimbilia. Akasema anataka kukaa naye likizo nzima.

Sasa, mke wangu humwogopa kinyonga kuliko nyoka. Nyoka humpiga mchi, akaendelea kutwanga. Kinyonga humkimbia. Na huku kwetu kila mtu anajua kinachomuua kinyonga ni tumbaku: ukimtia chembe mdomoni anageuka mweusi, anatetemeka, kwisha habari yake. Mke wangu ni mtu wa ugoro tangu ujana wake. Posa nilipeleka nikijua, siwezi kulalamika leo.

Akatoa kikopo chake cha ugoro, akakiweka gotini. Akaniita Baba Fulani, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, ambalo hulitumia nikiwa na kesi.

"Mjengeeni nyumba asiyoweza kutoka. Nikimkuta kitandani kwangu, dawa yake hii hapa."

Mjukuu akanitazama. Basi uhai wa kinyonga ukawa mikononi mwa mtu ambaye banda lake la kuku liliwahi kuwaangukia kuku. Na hilo nalo mke wangu alilikumbusha.

Nikaanza na bati lililobaki tulipoezeka choo. Mjukuu akagusa, likamuunguza kidole. "Babu, huyu tunamfuga au tunamkaanga?" Nikaleta waya wa kuku. Matundu yake makubwa, kinyonga angepita bila hata kuinama. Nikakitazama chandarua.

"Kitazame tu," mke wangu akasema.

Hata hivyo mjukuu alikikataa, kucha zingenasa. Tukaafikiana wavu wa plastiki, ule wa madirishani: hewa inapita, kinyonga hapiti. Fremu nikaifunga kwa fito za mianzi, maana mianzi nimeizoea, nimefuma matenga tangu utoto. Mlango nikauwekea kamba. Mke wangu akautikisa kwa ncha ya mwiko, amesimama mbali, akasema, "Haya."

Ikabaki miti ya kupandia. Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu wa Newala ukimwambia akate tawi, atakata la mkorosho. Miti mingine yote kwake ni kuni. Nikaenda shambani nikakata matawi mazuri yenye majani mapana, nikayapanga ndani. Yakapendeza. Nikajisifu sana jioni ile, nakiri.

Asubuhi kinyonga alikuwa mweusi tii, macho kayafumba, ameng'ang'ania pembeni kwenye wavu mbali na matawi.

Mjukuu alikitazama kikopo cha ugoro, kisha akamtazama bibi yake.

"Mimi?" mke wangu akasema. "Mimi ningemtia ningewaita mje kuona."

"Sijasema kitu, Bibi."

"Macho yako yamesema."

Basi kwa kutaka kujisafisha jina, mwanamke yule akafanya jambo ambalo sijaliona katika ndoa yetu yote. Akasogea. Hatua, anasimama, hatua, kama kinyonga mwenyewe. Akaingiza pua karibu na wavu. Akapiga chafya.

"Salfa," akasema. "Baba Fulani, mikorosho si umeipulizia juzi?"

Kweli. Ile dawa ya unga tunayopuliza mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiri. Majani yalikuwa yamejaa unga wa manjano, na mimi nilidhani ni vumbi la njia.

Tukayatoa yote, tukapangusa wavu. Mke wangu akaenda nyuma ya jiko kwenye mpera wake, ambao hata mimi nikichuma pera huomba ruhusa, akakata tawi. Halafu akaleta kikombe cha maji. Maji ya Newala, mnayajua tunavyoyahangaikia. "Mnyunyizieni majani, anywe," akasema. "Mimi simgusi."

Mchana kinyonga akafumbua jicho moja. Jioni kijani kikaanza kurudi, kwanza miguuni. Mjukuu akamwomba bibi yake radhi, bibi akajibu kwamba amesamehe macho, mdomo haukukosa.

Siku hizi nikimtafuta mke wangu barazani, penye nyumba ya kinyonga, saa zake za ugoro, namkuta nyuma ya jiko, amejibanza kama mwanafunzi mtoro. Nikamuuliza anamficha nani, wakati mimi ugoro wake naujua tangu posa.

"Upepo," akasema, "unaelekea kwake."